Neno "gereza" lilianzia kanisani

Jumapili ya leo naomba tusafiri pamoja. Ukitoka Singida kwa basi, ukapita Babati, Arusha na Moshi, ukavuka mpaka Holili na kuingia Taveta, barabara itakufikisha Mombasa. Huko, ukingoni mwa bahari, imesimama ngome yenye zaidi ya miaka 400. Inaitwa Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu.

Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakiandaliwa hapo onyesho la usiku la mwanga na sauti. Huletwa kwa jahazi jua likishazama, hupokewa na walinzi waliovaa mavazi ya kale na kushika mienge, kisha huingizwa uani. Taa huzimwa, halafu huwashwa upande huu na upande ule wa kuta, huku sauti ikisimulia yaliyotokea hapo. Mwishoni, meza za chakula huandaliwa palepale uani.

Ni jambo la kupendeza. Lakini mimi na wewe, tunaolibeba jina lile lile lililoandikwa kwenye ngome, hatuwezi kuishia kushangaa taa. Lazima tuulize: jina hilo lilifika pale kwa njia gani, na waliokaa chini yake walipata nini?

Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593 ili kuilinda njia yao ya biashara ya kwenda India. Aliyeichora alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu, yenye kichwa, mikono na miguu. Pembe zake nne za mizinga zilipewa majina ya watakatifu: Filipo, Alberto, Mathayo na Mathia. Ndani wakajenga kanisa. Kwa hiyo ukuta uliitwa kwa jina la Yesu, pembe zikaitwa kwa majina ya watakatifu, na katika kila pembe palikuwa na mzinga.

Sasa msikilize kijana mmoja, Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aliuawa kwa hila za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, India, akasomeshwa na watawa, akabatizwa na kuitwa Jeronimo. Akarudishwa Mombasa awe mfalme, lakini wakuu wa ngome wakamdharau. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua mkuu wa ngome. Kisha wakauawa Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, waliokataa kuikana imani yao.

Waliokufa kwa ajili ya imani tunawaheshimu, na damu ile hatuihalalishi. Lakini tujiulize kwa unyenyekevu: kijana yule alifundishwa habari za Yesu na watu wa taifa lililomfanya yatima. Maji ya ubatizo aliyapata. Haki hakuiona.

Baadaye ngome ilipita mikononi mwa wengi. Waoman waliizingira kwa karibu miaka mitatu, wakaitwaa Desemba 1698. Waingereza nao, mwaka 1895, wakaifanya jela, ikabaki hivyo hadi 1958. Fikiri, msomaji: kwa zaidi ya miaka 60 watu walifungwa minyororo ndani ya jengo lenye jina la Yule aliyesimama katika sinagogi la Nazareti na kutangaza kwamba amekuja kuwafungua wafungwa (Luka 4:18).

Na lugha yetu imelitunza jambo hili. Wataalamu wa Kiswahili wanaeleza kwamba neno "gereza" limetokana na neno la Kireno "igreja", ambalo maana yake ni kanisa. Wareno walisema kanisa. Wenyeji wakatazama zile kuta nene, mizinga na malango yaliyofungwa, na neno lile vinywani mwao likaishia kumaanisha mahali pa kufungia watu. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Watu waliita walichokiona.

Hapo ndipo habari ya Mombasa inapofika Singida.

Sisi tunajenga. Sikukuu ya mavuno ikifika, mama analeta debe lake la alizeti, kijana analeta jogoo, tunapata saruji, mabati na taa za kung'arisha mbele ya kanisa. Si vibaya. Lakini yupo binti aliyepata mimba akaambiwa akae benchi la nyuma, na kijana aliyempa mimba bado anaimba kwaya. Yupo mzee aliyefariki, na swali la kwanza waliloulizwa wafiwa lilihusu kadi yake ya michango. Nidhamu ya kanisa ni ya lazima, nami siidharau. Ila nidhamu ya Kristo lengo lake ni kumrudisha mtu nyumbani. Ikimfungia mtu nje, au ikimweka ndani kwa hofu, watu wataliita jengo letu kwa kile wanachokiona, hata tukiandika jina la Yesu kwa herufi kubwa getini.

Angalia pia tofauti ya taa. Taa za onyesho huelekezwa ukutani, ili ukuta upendeze machoni pa wageni. Taa anayoisema Bwana katika Mathayo 5:15 huwekwa juu ya kinara, iwaangazie watu waliomo nyumbani. Ya kwanza inauonyesha ukuta. Ya pili inamsaidia mtu aone njia, apate kiti, atambue uso wa jirani yake.

Wareno walituachia neno jingine, "meza". Nalo ni lao. Na katika uani ule uliokuwa jela, mgeni wa leo huketi mezani akala. Basi inawezekana. Palipofungwa watu panaweza kuandaliwa chakula.

Wiki hii, mpendwa, fanya jambo moja. Mfikirie mtu aliyeacha kuja ibadani kwa sababu ya aibu au deni la michango. Nenda kwake kabla ya Jumapili ijayo. Usimpelekee kadi wala hoja. Kaa naye, kula naye, msikilize, kisha mwambie kiti chake bado kipo. Na kama wewe ni mzee wa kanisa, hakikisha kweli kipo.

Bwana atusaidie jina lake lisibaki kwenye kuta zetu tu. Jumapili njema.