Kucheka na Wezi: Maelezo juu ya Sinema ya "Malcolm"

Kitenzi cheka katika Kiswahili hubadilika maana kwa kadiri ya jinsi kinavyomfikia mtu anayechekwa. Kumcheka mtu ni kumdhihaki. Kumchekea ni kumwonyesha uso wa furaha, na pengine kumlegezea katika kosa lake, kama mzazi aambiwavyo asimchekee mtoto mtundu. Kucheka naye ni kushirikiana naye katika furaha yake, na hapo ndipo wazee walipotuwekea onyo ya kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua. Makala haya yakusudia kuzitumia tofauti hizi kueleza jambo ambalo aghalabu huonekana kuwa ni kinyume cha akili: kwa nini watu waadilifu, ambao hawangemkaribisha mwizi hata barazani mwao, huketi mbele ya sinema wakawaombea wezi salama.

Mfano tutakaouchunguza ni "Malcolm", mchezo wa kuchekesha uliotolewa Australia mwaka 1986. Uliongozwa na Nadia Tass, bibi aliyezaliwa Ugiriki akakulia Australia, nayo ilikuwa ndiyo sinema yake ndefu ya kwanza. Maneno yaliandikwa na mumewe, David Parker, ambaye ndiye pia aliyepiga picha. Mwaka ule ule ilipata tuzo 8 za Taasisi ya Filamu ya Australia, mojawapo ikiwa ni ile ya filamu bora, na nyingine akapewa Colin Friels aliyeigiza kama Malcolm.

Kisa chenyewe ni chepesi. Malcolm ni kijana mwenye haya nyingi, asiyejua mazungumzo ya kawaida ya watu, lakini mikono yake yajua kila siri ya mashine. Afanya kazi katika shirika la tramu la Melbourne, yaani magari ya abiria yapitayo juu ya reli katika barabara za mji. Afukuzwa kazi kwa kujitengenezea tramu yake ndogo na kuiendesha katika reli za shirika. Mama yake amekwisha kufa, na fedha hana. Basi apangisha chumba kwa Frank, mtu aliyetoka gerezani, ambaye aja na mpenzi wake, Judith. Malcolm agundua ya kuwa kazi ya mpangaji wake ni wizi, naye badala ya kuogopa avutiwa na ufundi wake. Amtengenezea gari dogo liwezalo kupasuka katikati kwa urefu, kila nusu ikaenda njia yake na kuwaacha polisi wameduwaa. Baadaye vyombo viongozwavyo kwa mbali vyatumwa kufanya kazi ya kuibia benki.

Yafaa msomaji ajue ya kwamba Malcolm hapendi kitu cha ajabu machoni pa watu wa mji wake. Tramu zimepita Melbourne tangu mwaka 1885, kwanza zikivutwa kwa kamba ya chuma iliyozungushwa chini ya barabara, kisha zikiendeshwa kwa umeme. Sydney iliziondoa zake mwaka 1961, Melbourne ikazishikilia. Kwa hiyo yule shirika linayemfukuza ndiye aipendaye kazi ya shirika kupita wote. Hapo mtazamaji ameonyeshwa dhuluma kabla ya kuonyeshwa wizi, na mpango huo wa matukio wafanya kazi kubwa. Aidha wanaoibiwa hawana sura ya jirani: ni benki, si mjane wala mchuuzi.

Hata hivyo, sababu hizo zatueleza kwa nini hatumchukii Malcolm tu, wala hazielezi kwa nini twamfurahia. Mtu mwerevu wa hadithi zetu, Abunuwasi, hushinda kwa ulimi: huwanasa wakubwa katika maneno yao wenyewe. Malcolm ni kinyume chake. Maneno ndiyo yanayomshinda. Huyachukua kama yalivyo, akajibu pasipo mzaha lile lililosemwa kwa mzaha. Palipo na ulimi kwa Abunuwasi, kwa Malcolm pana mkono. Kwa sababu hiyo kichekesho kinaeleweka hata kwa asiyeijua vema lugha ya Waaustralia: gari linapopasuka halihitaji mkalimani. Muziki wa Penguin Cafe Orchestra, kikundi cha Uingereza, nao waisaidia picha kusema pale wasemaji waliponyamaza.

Jambo la maana zaidi ni safari ya kicheko chenyewe. Mwanzoni twamcheka Malcolm, kama Frank naye anavyomwona kuwa ni kituko. Kisha, Judith anapomtendea kwa upole, twaanza kumchekea. Gari linapopasuka, Frank acheka naye, nasi twacheka nao wote watatu. Mtazamaji ahamishwa hatua kwa hatua kutoka dhihaka hadi ushirika, bila ya kuhubiriwa. Sinema ambayo ingebaki katika hatua ya kwanza ingekuwa ni ukatili tu juu ya mtu dhaifu.

Je, methali ya nyani yatuhukumu? Kwa hakika mchezo huu hauwaadhibu wakosaji: mwisho wao wako Lisbon, mji mwingine wa tramu, nao wana raha. Mwenye kudai ya kwamba hadithi lazima imwadhibu mwizi hataridhika. Lakini yafaa kutazama twacheka na nani. Nyani wa methali huharibu shamba la yule anayecheka. Ushirika tunaoalikwa kuingia hapa ni ule wa mpweke aliyepata wenzake, na wizi ni chombo tu cha kuwakutanisha. Watazamaji wengi, nadhani, hutoka wakiwa hawakujifunza kuiba kitu, bali wamejifunza kumtazama upya yule jirani mnyamavu waliyezoea kumcheka.