Maji ya milimani Masisi: programu ya zamani au mpya?

Katika milima inayozunguka Nyabiondo, wilayani Masisi, Kivu Kaskazini, maji ya bomba yanaweza kufika kijijini bila pampu. Chemchemi iko juu, watu wako chini, mteremko unafanya kazi yote. Kazi ngumu ni hesabu. Kila mita 10 za mteremko huongeza takriban bar 1 ya nguvu ya maji, na bomba la plastiki la PN10 limetengenezwa kuhimili bar 10. Chemchemi ikiwa mita 150 juu ya robine, bila tangi la kukata nguvu katikati, bomba linaweza kupasuka usiku, robine zote zikiwa zimefungwa.

Wainjinia wengi hufanya hesabu hizo kwa EPANET, programu ya bure ya shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA. Toleo la 2.0 lilitoka 2000 na la 2.2 mwaka 2020, lakini sura yake imebaki ileile ya Windows ya miaka ya 1990. Hata kipimo chake cha mwanzo ni galoni kwa dakika. Usipokibadilisha kuwa lita kwa sekunde, utapata majibu ya ajabu.

Sasa kuna sura mpya. QGISRed, iliyotoka chuo kikuu cha ufundi (Politècnica) cha Valencia, Uhispania, inafanya kazi ndani ya programu ya ramani ya QGIS. Nyingine, epanet-js, hufunguka ndani ya kivinjari. Zote mbili hutumia injini ileile ya EPANET, kwa hiyo kwa data ileile na mipangilio ileile, majibu hayapaswi kutofautiana.

Tofauti inaanzia kwenye data. Katika sura ya zamani, mwinuko wa kila kiungo cha bomba unauandika kwa mkono, kutoka vipimo vya topografia. Inachosha. Sura mpya zinaweza kuuchukua kwenye ramani za mwinuko zilizopimwa kutoka angani, kwa kubonyeza tu. Ramani ya bure inayotumika sana, SRTM, ilipimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, na kila kipande chake kina upana wa mita 30 hivi. Kwenye mteremko mkali wa Masisi, ndani ya mita 30 unaweza kushuka mita 15. Msituni, rada ilipima karibu na vilele vya miti. Kosa la mita 15 ni bar 1.5, na kwenye skrini rangi zinabaki nzuri tu.

Kwa maoni yangu, kijana wa Goma mwenye intaneti achore njia ya bomba kwenye sura mpya, ni rahisi zaidi. Mwinuko aupande mlima kuupima. EPANET ya zamani aibebe kwenye flashi, kwa sababu inafunguka hata kwenye laptop dhaifu inayochajiwa kwa sola, bila mtandao.

Kisha ahifadhi kazi kama faili la .inp. Ni maandishi ya kawaida, sura zote zinalisoma, hata Notepad. Masisi injinia huondoka mradi ukiisha, au vita ikimkimbiza kabla haujaisha. Nakala moja ibaki kwa kamati ya maji ya kijiji, pamoja na ramani ya karatasi inayoonyesha matangi yalipo.