PlayStation 2 za vyumba vya michezo: jicho likikufa, flashi inachukua kazi

Kila mwenye chumba cha michezo anaujua mlio huo: tak, tak, tak, kisha kimya, kisha skrini inageuka nyekundu. PlayStation 2 imekataa kusoma disiki. Vijana wawili wenye maneti mkononi wanaanza kudai pesa yao, wale wanaongoja zamu kwenye benchi wanasimama, na patroni anafungua mashine, anapuliza, anafunga, anajaribu tena. Leo inaweza kukubali. Juma lijalo, hatujui.

Katika teritware za Masisi na Walikale, chumba cha michezo ni kazi kama kazi nyingine. Mtu anaweka televisheni mbili ao tatu, mashine, batri na pano ya jua, na watoto wanalipa kwa mechi. Pesa hiyo inanunua chumvi, inalipa shule. Lakini mashine yenyewe imezeeka. Sony iliitoa PlayStation 2 kwa mara ya kwanza huko Japani mwezi wa tatu 2000, na mwanzoni mwa 2013 kazi ya kuitengeneza ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo hata ile iliyo changa kuliko zote imekwisha kupita miaka 10, na nyingi zilifika kwetu zikiwa tayari zimetumiwa kwingine. Hakuna mpya itakayokuja. Basi, namna gani bado zinatembea?

Jibu fupi: kile kinachozeeka kinatolewa, na mahali pake panawekwa kitu cha leo.

Tuanze na jicho, sababu ndilo linalokufa kwanza. Ndani ya mashine kuna lensi ndogo ya plastiki inayopitisha mwanga wa leza na kusoma disiki. Inatembea mbele na nyuma juu ya reli, na chini kuna mota inayozungusha disiki. Vumbi la barabara, moshi wa makaa na unyevu wa milima yetu vinaingia humo. Leza nayo inapungua nguvu kidogo kidogo kadiri inavyotumika, na mashine ya chumba cha michezo inawaka kutoka asubuhi hadi usiku, siku saba.

Mafundi wengi wanajua dawa ya haraka: kwenye zile mashine kubwa za zamani kuna skrubu ndogo kando ya jicho, ukiigeuza, leza inapata nguvu zaidi na disiki inasoma. Ni kweli inasoma. Lakini ni kama kumpiga kiboko punda aliyechoka. Leza inayosukumwa hivyo inaungua mapema, na skrubu ile haitasaidia tena. Kubadilisha jicho zima inawezekana pia, ila macho mengi yanayouzwa leo yametolewa katika mashine nyingine zilizokufa, ao ni ya kuiga, na huwezi kujua litadumu miezi mingapi.

Njia iliyookoa vyumba vingi ni nyingine kabisa: kuachana na disiki. Mwaka 2008 wapenzi wa mashine hii walitoa programu inayoitwa Free McBoot. Inakaa ndani ya karti memwari, ile ndogo ya megabaiti 8 ambayo zamani ilikuwa ya kulinda matokeo ya ligi yako. Ukiwasha mashine, inasoma karti kwanza, na programu inaamka yenyewe. Kutoka hapo unafungua programu nyingine, Open PS2 Loader, ambayo inachukua mchezo ndani ya flashi ao ndani ya disiki ngumu na kuidanganya mashine kwamba disiki imo. Jicho linaweza kuwa limekufa kabisa, mpira unachezwa.

Hapa watu wengi wanakosea mambo matatu. La kwanza: tundu la flashi la PlayStation 2 ni la kizamani, linapitisha megabiti 12 tu kwa sekunde. Ndiyo sababu zile filamu za mwanzo zinakatakata na sauti inakwama. Mtu anafikiri flashi ni mbovu, anakwenda kununua ya bei kali, na hakuna kinachobadilika. Mechi yenyewe kwa kawaida inakwenda vizuri, sababu ikiisha kupakiwa haiombi vitu vingi tena. La pili: flashi inayopangwa kwa namna ya FAT32 haipokei faili moja inayopita gigabaiti 4, na michezo mingine inapita hapo. Lazima ikatwe vipande na programu ya kompyuta kabla ya kuiweka, ingawa matoleo mapya ya Open PS2 Loader yanakubali pia exFAT, isiyo na mpaka huo. La tatu: ukifuta mchezo na kuweka mwingine mara nyingi kwenye flashi ileile, faili inatawanyika vipande vipande na mashine inakataa kuifungua. Dawa ni kufuta flashi yote na kupakia upya kila kitu kwa mara moja.

Aina ya mashine nayo ina maana. Ile kubwa iko na nafasi nyuma ya kuweka disiki ngumu, na leo kuna kadi ndogo za Kichina zinazoifanya ipokee disiki za kisasa, hata zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Hiyo ndiyo njia bora: haraka, na michezo yote inakaa humo. Ile nyembamba haina nafasi hiyo, lakini kuna kifaa kidogo kinachoingia kwenye tundu la pili la karti memwari na kubeba karti ya SD, kama ile ya simu; kinapita flashi kwa mwendo. Angalia pia namba iliyo chini ya mashine. Zile nyembamba za mwisho, za kundi la 90000 zilizotoka kuanzia mwisho wa 2008, zinakataa Free McBoot. Kwa hizo kuna programu nyingine ya karti, OpenTuna. Wako waliotupa mashine nzima wakidhani imekufa, kumbe ni karti isiyolingana nayo.

Kuhusu haki za wenye michezo, tuseme wazi: programu hizi zinaweza kusoma nakala ya disiki uliyonunua, na zinaweza pia kusoma ya wizi. Lakini hata disiki zilizokuwa zikiuzwa sokoni, nyingi zilikuwa nakala tangu siku ya kwanza.

Baada ya jicho, ni moto. Sehemu nyingi hapa kwetu hakuna waya wa umeme. Ni pano, batri ya volti 12, na kigeuzi kinachopandisha hadi 220. Fikiria safari hiyo: volti 12 zinapanda hadi 220, halafu chaja ya PlayStation nyembamba inazishusha tena hadi 8.5. Kila mara unapobadilisha, unapoteza. Saa tatu usiku batri imekwisha na wateja bado wako.

Mafundi wajanja wanaondoa mzunguko huo. Wanaweka kadi ndogo ya kushusha umeme kutoka volti 12 moja kwa moja hadi 8.5, na kukata kigeuzi. Kwa zile nyembamba za kundi la 70000 inawezekana vizuri, sababu chaja yake iko nje na imeandikwa: volti 8.5, ampea 5.65. Zile za 90000 chaja iko ndani, hiyo ni kazi nyingine. Angalizo: pima na mita kabla ya kuunganisha, usiamini alama ya skrubu, weka fyuzi, hakikisha chanya na hasi havijageuzwa, na usinunue kadi ya ampea 2 ao 3 kwa sababu ni rahisi. Inachemka, na siku ikiungua inaweza kupitisha volti 12 zote ndani ya mashine. Hapo hakuna fundi atakayekusaidia.

Televisheni ndiyo inayokula zaidi. Ile ya zamani ya kioo kinene, ya inchi 21, inakula karibu wati 70 hadi 100. Bapa ya LED ya ukubwa wa karibu hapo inakula 20 hadi 30, na ziko zinazokubali volti 12 bila kigeuzi. Hesabu ni rahisi. Shida ni kwamba bapa nyingine mpya hazina tena tundu la waya wa njano, basi unahitaji kifaa cha kugeuza picha. Na wachezaji hodari wanalalamika: wanabonyeza, mchezaji anapiga mpira nyuma kidogo. Si uongo. Bapa inachukua muda kidogo kuitayarisha picha, kioo cha zamani hakichukui. Kijana aliyezoea kioo kinene atakwambia amefungwa bao juu ya televisheni, na mara moja moja atakuwa na haki.

Shida hii si yetu peke yetu. Huko Japani, Marekani na Ulaya kuna watu wanaolinda mashine za sarafu za miaka ya 1980 na 1990, yale makabati makubwa ya kusimama. Nao wanapigana na vioo vinene visivyotengenezwa tena. Kampuni ya Capcom iliweka ndani ya mashine zake za CPS-2 batri inayolinda ufunguo wa siri wa mchezo; batri ikiisha, mchezo unakufa, na ilibidi watu watafute njia ya kuufufua. Wengi wanatoa matumbo ya kabati lote na kuweka kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa 2012. Tofauti ni kwamba wao wanafanya kwa kupenda mambo ya kale. Hapa ni juu ya kula.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani vijana wengi wenye maneti mkononi hawajaambiwa. Ndani ya mashine za umeme kama hizi kuna vipande vidogo vya kulinda umeme, na vingine vinatengenezwa kwa tantalo, madini yanayotoka katika koltani. Koltani ni Rubaya, hapa Masisi. Mwisho wa mwaka 2000, wakati PlayStation 2 ilikuwa inaanza kuuzwa Ulaya na Marekani, bei ya koltani ilipanda kwa ghafula, kisha 2001 ikaanguka. Wengine walisema PlayStation ndiyo ilileta vita. Huko ni kuzidisha: vita ilikuwa imeanza 1998, na simu na kompyuta zilihitaji tantalo pia. Lakini kwamba udongo wetu unapita katika biashara hiyo, hakuna anayebisha.

Na waya wa kulehemu ambao fundi anayeyusha ili kurudisha tundu la flashi lililolegea? Ni bati, yaani kasiterite iliyosafishwa. Kwa muda mrefu waya huo ulikuwa bati karibu 63 kwa mia, iliyobaki risasi. Ulaya ilipokataza risasi katika vyombo vya umeme kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba 2006, waya mpya ukawa bati zaidi ya 95 kwa mia, na dunia ikahitaji bati zaidi. Ilikuwa miaka ileile watu wa Walikale walipokuwa wanatoka Bisie na mizigo ya kilo 50 mgongoni, wakipita msituni hadi Ndjingala. Jiwe linaondoka kwa kilo, linarudi kama waya, na fundi wetu anaununua kwa kipimo kidogo.

Kwa fundi anayeanza: waya wa zamani wenye risasi unayeyuka kwenye digrii 183, ule mpya karibu 217. Ukigusa mashine iliyolehemiwa na ule mpya ukitumia chuma chepesi cha volti 12, hautayeyuka vizuri, utang'oa njia za shaba. Ongeza kwanza kidogo cha ule wa risasi juu yake, vichanganyike, kisha utoe. Na fungua dirisha, nawa mikono kabla ya kula, usiache watoto wakae karibu na moshi huo.

Vipuri vyenyewe vinafika kwa shida. Goma ndiyo ilikuwa mlango wetu. Tangu ilipoingia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga na uwanja wa ndege ukafunga, na kutuma pesa ya kununua kadi ya dola chache kukawa safari. Mwezi wa tatu mwaka huo vita ilifika Walikale-centre, na mgodi wa viwanda wa Bisie ukasimamisha kazi kwa muda. Kwa hiyo mafundi wanaishi kwa kuchinja: mashine moja iliyokufa inatoa maneti, feni, tundu, reli na kifuniko kwa nyingine nne. Kitu kimoja hakiwezi kubadilishwa, nacho ni kadi kuu yenye ubongo wa mashine. Kila inayoungua inapunguza hesabu.

Wanaouliza kwa nini wasinunue tu mashine mpya, waangalie bei yake, waangalie wati zake, halafu waangalie ile inayoomba intaneti kabla ya kufungua mchezo. Simu nayo inacheza, ndiyo, lakini kila mmoja na yake, kichwa chini. Benchi ni kitu kingine.

Kama unataka kununua PlayStation 2 ya mtumba leo, usiulize sana kama jicho linasoma. Igeuze, soma namba. Wasisha, sikiliza feni. Jaribu matundu yote mawili ya karti memwari, yote mawili ya flashi, na ya maneti. Iache iwake saa nzima, na mchezo ukiendelea, uone kama inajizima. Na kama unaweza kuchagua, chukua ile nyembamba. Inapima chini ya kilo moja. Waliokimbia wanajua: televisheni inabaki, benchi linabaki, pano mara nyingi inabaki. Mashine na flashi yake vinaingia ndani ya mfuko wa nguo za mtoto, na mahali utakapofika, ukipata kioo na batri, unafungua milango kesho yake.