Kigingi na Shoka: Silaha za Shujaa wa Kike

Katika hadithi za ajabu zinazoigizwa kwenye televisheni, silaha ya shujaa wa kike aghalabu huhesabiwa kuwa pambo tu. Mchezo wa Marekani uitwao Buffy the Vampire Slayer (1997–2003), uliobuniwa na Joss Whedon, wapinga rai hiyo.

Kwa muda mrefu silaha kuu ya Buffy, msichana awindaye wafu wanyonyao damu, ni kigingi cha mti: kitu hafifu, kichongwacho upesi na kutupwa bila majuto. Nguvu zimo mwilini mwake, na asili yake ni dhuluma. Katika awamu ya saba yabainika kwamba wanaume wa kale walimfunga msichana wa kwanza minyororo, wakamtia nguvu za pepo bila ridhaa yake. Tangu hapo huteuliwa mmoja tu. Akifa, hufuatwa na mwingine.

Shoka jekundu alichomoalo Buffy mwambani (wenyewe huliita fyekeo, ingawa kwa umbo ni shoka) lina nasaba nyingine: lilifuliwa na wanawake, tena kwa siri. Ncha ya mpini wake ni kigingi. Silaha ya zamani haikuachwa, bali imeingizwa katika mpya. Tena halikukusudiwa kuua tu. Kwalo mchawi Willow anawagawia nguvu wasichana wote waliostahili kuteuliwa, na kanuni ya mmoja peke yake inavunjika.

Hata hivyo, wasichana waliokuwa pamoja na Buffy walitakiwa kuchagua. Wale wa mbali, kama yule wa kwanza, hawakuulizwa.