Lubumbashi: Kitabu kimoja chenye sahihi, nyumba nzima inasoma

Ukumbi ulijaa mapema jioni hiyo, katikati ya mji wa Lubumbashi, jimboni Haut-Katanga. Mwandishi, kijana wa hapahapa, alisoma kurasa za riwaya yake kuhusu kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Alisoma kwa Kifaransa, lakini wahusika walipogombana kwa Kiswahili cha mjini, watu walicheka hadi akanyamaza kidogo.

Kisha mstari wa sahihi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkaaji wa komini ya Kenya, alipoulizwa jina, alitaja la baba yake. Akaongeza namba yake ya matrikule. Mwandishi alisimamisha kalamu, akamtazama, akaandika vyote viwili.

Baba huyo alikuwa Gécamines. Aliondoka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipotolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, ukiungwa mkono na Benki ya Dunia. Hiari gani, wengi wao wanauliza hadi leo, wakidai kwamba hawakulipwa yote waliyostahili.

Katanga haikosi waandishi. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, Fiston Mwanza Mujila Lubumbashi mwaka 1981, na Tram 83 yake ilitoka Paris mwaka 2014. Lakini kitabu cha Paris hufika hapa na bei ya Paris, ndiyo maana kimoja kinazunguka mikono mingi.

Nyumbani, macho ya mzee yamechoka. Kila jioni baada ya bukari, umeme ukikatika, binti anawasha tochi ya simu, anasoma Kifaransa na kugeuza kwa Kiswahili. Wajukuu wanasikiliza. Siku ya pili mzee alimkatiza: king'ora cha asubuhi hakikulia saa ile iliyoandikwa. Akaomba kalamu.

Binti alikataa. Kitabu chenye sahihi hakiandikwi ovyo. Mzee akajibu kwamba jina lililo mbele ni lake, na matrikule ni yake, basi kitabu ni chake. Akasahihisha saa pembeni, kwa herufi kubwa.

Jirani, naye mfanyakazi wa zamani, aliomba kukiazima. Kitabu hakitoki nyumbani, aliambiwa. Sasa anakuja na kiti chake.

Wamefika ukurasa wa 64. Masahihisho ni matatu, na juu ya la tatu wazee hao wawili hawajapatana.