Kuitafuta Kasoro ya Hoja

Muhula huu nalishindwa katika mdahalo, tena na kijana wa kidato cha pili. Nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wenzangu jinsi nilivyoshindwa, hasa wale ambao, kama mimi, wanatamani kuwa mawakili.

Mada ilikuwa kwamba wakata miti ndio wanaoimaliza barafu ya Kibo. Nalisimama nikasema: "Ndugu Mwenyekiti, mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba 12 hivi, mwaka 2011 haikufika 2. Katika miaka hiyo hiyo misitu ya mlima imekatwa na kuchomwa. Kwa hiyo ukataji wa miti ndio ulioyeyusha barafu." Makofi yakapigwa, nikaketi kama wakili aliyekwisha kulipwa.

Yule kijana akauliza kwa upole: "Kaka, barafu ilianza kupungua lini?" Sikujua. Akaeleza kwamba Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889, alirudi mwaka 1898 akakuta barafu imekwisha kurudi nyuma. Je, wakati ule misumeno ilikuwa mingapi mlimani? Kisha akasema: "Kila jioni kengele ya chakula hulia, na mara jua huzama. Je, kengele ndiyo inayolizamisha?" Bweni zima likacheka, na mimi nikacheka kwa shida.

Takwimu zangu zilikuwa za kweli. Kasoro ilijificha katika neno "kwa hiyo". Mambo mawili kutokea pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine. Huenda kuna la tatu. Wataalamu hueleza kwamba mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilizidi kuwa kavu, theluji mpya ikawa haba, na barafu ya kale ikaliwa na jua. Kisha joto la dunia likaongezeka. Utafiti uliochapwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kukatwa kwa misitu kumechangia kidogo tu.

Lakini washindi nao walitumbukia shimoni. Mmoja wao alisimama akasema, ati, basi tukate miti bila hofu! Hoja yangu kuwa mbovu hakuufanyi msitu kuwa bure. Msitu hushika mvua na ukungu, na maji yake ndiyo yanayojaza mifongo ya migombani. Kadhalika, mwaka 2002 wataalamu walikadiria kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Ingalipo, na wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo haiyeyuki. Tarehe iliyokosewa haifuti vipimo.

Nchini Marekani wengi wanaotaka kuingia chuo cha sheria hufanya mtihani ambao sehemu yake kubwa ni kazi ya namna hii: hupewa hoja fupi wazichambue, na mara nyingine waonyeshe zilipopinda. Kwetu, mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ni 26 tu waliofaulu bila kurudia. Wengine wakasema wanafunzi ni wavivu, wengine mtihani ni mkali mno. Hesabu ile peke yake haithibitishi hili wala lile, na serikali iliunda kamati ya kuchunguza.

Mdahalo ujao nimekwisha kuomba niwekwe upande mmoja na yule kijana.