Mtoto Mnono na Sukari ya Mamaye

Katika nyumba zetu za Mbeya na Iringa, akizaliwa mtoto wa kilo nne na nusu, bibi hupiga vigelegele na majirani huja kuyatazama mashavu yake. Nasi tumo miongoni mwa waliopata kushangilia hivyo. Lakini yafaa wazazi wajue ya kuwa pengine unono huo si afya, bali ni alama ya kisukari cha mama ambacho hakikupimwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kongosho ni kiungo kitoacho insulini, nayo ndiyo iingizayo sukari ya damu katika nyama za mwili. Mimba ikipita miezi mitano au sita, kondo la nyuma hutoa vichocheo viidhoofishavyo insulini ya mama. Na kongosho lake lisipoweza kuongeza kazi, sukari humzidi katika damu. Sukari hiyo hupita katika kondo ikamfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Basi mtoto hulazimika kutoa insulini yake mwenyewe, nyingi kupita kiasi, nayo humrundikia mafuta mabegani na tumboni. Tabibu wa Denmark, Jørgen Pedersen, ndiye aliyeyaeleza haya huko Copenhagen mwaka 1952.

Mabega makubwa huweza kukwama wakati wa kuzaa, na mapafu huweza kuchelewa kukomaa. Lakini saa ya kuchungwa zaidi ni ile baada ya kitovu kukatwa. Sukari ya mama hukoma papo hapo, ilhali kongosho la mtoto limekwisha zoea kazi nyingi na laendelea kumwaga insulini. Katika saa chache sukari yake hushuka. Hulegea, hutetemeka, hushindwa kunyonya, pengine hushikwa na degedege. Na wengine hawaonyeshi dalili yoyote! Hapo ndipo jamaa husema, "Mwacheni alale, amechoka." Asiachwe. Anyonyeshwe katika saa ya kwanza, tena atobolewe kisigino apimwe sukari. Kwa hiyo mama mwenye kisukari asizalie nyumbani, ila hospitali, mathalan kitengo cha wazazi cha Meta pale Mbeya, au hospitali ya rufaa ya mkoa wa Iringa.

Kipimo cha mama hufanywa baina ya wiki ya 24 na ya 28: hupimwa damu kabla ya kula, hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na mbili.

Baridi ya nyanda zetu yatupendezesha chai ya sukari tele. Mama huyu aipunguze, na sahani yake ya ugali au viazi iwe ndogo, maharage na mboga viwe vingi. Ama saumu ya Ramadhani, sheria imempa ruhusa mwenye mimba achelea nafsi yake au mtoto wake. Basi asione haya kuitumia, na amwulize tabibu mapema.

Akisha kuzaa, sukari yake mara nyingi hurudi sawa. Hata hivyo apimwe tena baina ya wiki ya 6 na ya 12.